Kabla hujaandika lolote kuhusu makaa ya mawe ya India

Anayeanza kufuatilia suala la India na mabadiliko ya tabianchi hukutana mapema na taarifa mbili zinazoonekana kupingana. Moja inasema nusu ya uwezo wa mitambo yote ya umeme nchini humo haitegemei tena makaa, mafuta wala gesi, na kwamba lengo hilo lililowekwa kwa mwaka 2030 lilifikiwa katikati ya 2025. Nyingine inasema katika mwaka wa fedha 2024-25 nchi hiyohiyo ilichimba zaidi ya tani bilioni 1 za makaa ya mawe, kiasi ambacho haikuwahi kukifikia. Zote ni kweli, na usipojua kwa nini, kila utakachoandika kitayumba.

Anza na vipimo. Uwezo ni megawati ambazo mtambo unaweza kutoa ukifunguliwa wote. Uzalishaji ni uniti ulizotoa kweli. Paneli za gigawati 1, yaani megawati 1,000, zikitoa wastani wa asilimia 20 ya uwezo wake kwa saa 8,760 za mwaka, zinakupa gigawati-saa 1,752 (gigawati-saa moja ni uniti milioni moja). Mtambo wa makaa wa gigawati 1 unaokwenda kwa asilimia 70 unakupa 6,132. Kwa hiyo gigawati moja ya makaa inahitaji gigawati 3.5 za jua kuifidia, na hapo bado hujagusa habari ya usiku. Ndiyo maana "nusu ya uwezo" inaishi vizuri tu na makaa yanayotoa zaidi ya theluthi mbili za umeme. Halafu kumbuka kwamba ndani ya nusu hiyo yamo pia mabwawa makubwa na nyuklia, si jua na upepo peke yake.

Mtego wa pili uko kwenye ahadi zenyewe. Ahadi ambayo India iliwasilisha rasmi Umoja wa Mataifa Agosti 2022 ni kupunguza kwa asilimia 45 hewa chafu kwa kila rupia ya pato la taifa, ikilinganishwa na 2005. Haisemi hewa chafu yote itapungua. Piga hesabu: uchumi ukikua mara nne na kiwango hicho kikishuka kwa asilimia 45, jumla inakuwa 4 × 0.55, yaani mara 2.2 ya ilivyokuwa. Ahadi imetimizwa na moshi umezidi mara mbili. Zile gigawati 500 za uwezo usiotegemea makaa, mafuta wala gesi, zilizotajwa na Waziri Mkuu Modi kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow mwaka 2021, hazimo kwenye hati hiyo ya 2022, kwa hiyo usizichanganye.

Namba zao huandikwa kwa laki na crore. Laki unaijua, crore moja ni laki 100. Mwaka wa fedha huanza Aprili na kuisha Machi, na ukiulinganisha na mwaka wa kalenda bila kurekebisha utaona ongezeko ambalo halipo.

Sasa tuje kwenye mtambo wenyewe, kwa sababu wengi huandika juu ya makaa bila kujua yanavyokwenda. Chukua mtambo mmoja wa megawati 500 ukiwa kazini saa zote 24. Kwa makaa ya India, kila uniti hula takriban kilo 0.7. Hiyo ni tani 350 kwa saa, tani 8,400 kwa siku, sawa na treni mbili nzima za mizigo. Makaa yao yana majivu mengi, asilimia 30 hadi 45. Ukichukua 35, kila siku kunabaki tani 2,940 za majivu za kutafutiwa pa kwenda. Ndiyo maana pia tani ya India hailingani na tani iliyoagizwa kutoka Australia: joto lake ni dogo. Linganisha joto, achana na uzito.

Mtambo huo hauzimwi saa sita mchana jua linapowaka ukawashwa jioni watu wanaporudi nyumbani. Kuuwasha ukiwa baridi huchukua saa nyingi. Ukishushwa chini ya asilimia 55 ya uwezo wake, moto huanza kuyumba na mara nyingi huhitaji kusaidiwa na mafuta, huku kupanda na kushuka kwa joto kukichosha mabomba. Basi mchana wenye jua kali na matumizi madogo, kinachokatwa mara nyingine ni umeme wa jua. Ukisoma mradi mpya wa paneli, uliza kwanza kuna betri kiasi gani, na laini ya kusafirishia umeme itakamilika lini.

Lakini jambo linalowapita wageni wengi ni fedha. Reli ya India hupata sehemu kubwa ya mapato ya mizigo kwa kubeba makaa, na faida ya mizigo ndiyo inayofidia nauli za abiria. Majimbo ya mashariki na kati, Jharkhand, Odisha na Chhattisgarh, hukusanya mrabaha kwa kila tani. Jua na upepo vimejaa kwingine: Rajasthan, Gujarat, Tamil Nadu. Mchimbaji wa Dhanbad, mji wa makaa huko Jharkhand, akipoteza kazi, kazi mpya iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwake, mara nyingi kwa lugha nyingine na kwa mkataba wa muda tu. Ukikutana na mpango wa kuachana na makaa usiotaja kwa jina Dhanbad wala maeneo mengine ya makaa kama Korba, Singrauli au Talcher, una haki ya kuutilia shaka.

Paneli za mapaani nazo zina mkasa wao. Katika lengo la gigawati 100 za jua kufikia 2022, 40 zilitakiwa ziwe juu ya mapaa, na hapo ndipo paliposuasua zaidi. Kampuni za usambazaji za majimbo huuza umeme ghali kwa viwanda na maduka ili kufidia bei ya mkulima. Mteja anayelipa vizuri akifunga paneli, kampuni inabaki na wale wa ruzuku. Kwa nini iharakishe kumfungia mita ya kuhesabu umeme wa paneli zake?

Mwisho ni tozo ya makaa, ambayo maandishi mengi bado huiita kodi ya kaboni. Ilianza 2010 kwa rupia 50 kwa tani ikiwa ya kugharamia nishati safi, ikafika 400 mwaka 2016. Kuanzia 2017 mapato yake yakaelekezwa kuyafidia majimbo baada ya mabadiliko ya kodi ya mauzo, na Septemba 2025 ikafutwa, kodi ya kawaida ya makaa ikipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 18. Ukitaka kuitaja, andika mwaka unaouzungumzia na fedha zilikokwenda mwaka huo.