Mchaga kuasili mtoto wa Kimaasai

Dada, umeuliza kama ninyi Wachaga wa Moshi mtanyimwa mtoto kwa kuwa mama yake alikuwa Mmaasai wa Longido. Msiogope. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatanguliza maslahi ya mtoto. Anzeni kwa afisa ustawi wa jamii.

Aliyekutajia Marekani, kwamba kule mtoto hapewi familia ya rangi au kabila tofauti, amechanganya mambo. Kule sheria ya 1994, iliyokazwa 1996, inazuia mashirika yanayopokea fedha za serikali kuu kumchelewesha mtoto kupata familia kwa sababu ya rangi. Wenye utaratibu tofauti ni watoto wa makabila ya asili: sheria yao ya 1978 inatanguliza ndugu na kabila, na Mahakama ya Juu iliiacha isimame 2023.

Ila nawaomba sana, msimfiche kwao. Longido si mbali.