Jibu: Kupasua ubao wa mwembe vipande vya milimita 4

Usipasue Jumamosi. Ahirisha. Umeandika kwamba umenunua ubao wa mwembe wa inchi 2 kwa 6, eti "mkavu", Jumamosi unaupeleka mashine utoke vipande vya milimita 4, Jumapili unabandika visanduku vya zawadi. Nimesoma nikaona nasoma habari zangu mwenyewe.

Mimi niko Mikindani. Ilikuwa Februari, mvua imekolea, jamaa ana harusi Masasi anataka visanduku 40 vya kutilia korosho. Nikaenda kwa muuza mbao. Akaugonga ubao kwa ngumi: "Sikia unavyolia huo, fundi, uko stoo toka mwaka jana." Nikasikia unalia kweli. Kumbe mliaji mwenyewe nilikuwa mimi.

Vipande vilitoka mashine vimenyooka kama rula. Nikavipiga picha, nikavirundika mezani kimoja juu ya kingine, nikalala. Asubuhi vya juu vimepinda kama korosho zenyewe. Mke wangu akaniuliza siku hizi natengeneza vigae? Vya chini, visivyopata hewa, siku chache baadaye vikaota ukungu.

Ubao mnene hukauka kuanzia nje. Ukiupasua, upande uliokuwa umejificha ndani unakutana na hewa kwa mara ya kwanza, unakauka mbio na kusinyaa, wakati upande wa nje ulishasinyaa zamani. Kipande kinavutwa upande mmoja, na kwa milimita 4 hakina ubavu wa kubisha.

Hapo ningeacha, hasara ingekuwa ya mbao tu. Lakini nikajifanya mjanja: nikavikandamiza kwa matofali siku mbili, nikavitia gundi kwa kuvilazimisha. Visanduku vikasimama, hata mimi nikajisifu. Siku nne kabla ya harusi kona zikaanza kuachia, tena usiku, ta! ta!, unadhani panya wamevamia. Vifuniko vikagoma kufunga. Vilivyopona 14. Nikarudisha pesa yote ya watu, gundi nimenunua mimi, mashine nimelipa mimi. Nikabaki na kuni za bei ghali kuliko zote Mikindani, ila wali ulioivia pale ulikuwa mtamu, sitaki kudanganya.

Nilipomrudia yule muuza mbao akanijibu, "Fundi, mbao ina uhai." Uhai! Siku ya kupokea hela yangu mbona hukusema ina uhai?

Na wale mtakaokuja kusema mninga haupindi: ndiyo, mninga ukishakauka ni mtulivu. Mwenzetu ana mwembe, mti wa kuchongea mitumbwi.

Sasa sikiliza, mkuu. Pasua milimita 7, siyo 4. Vipange kivulini, kati ya kila kipande na kingine weka vijiti vya unene mmoja hewa ipite, juu kabisa weka kitu kizito. Chukua kipande kimoja, kipime kwa mizani ya jikoni, uandike gramu kwa penseli palepale juu yake. Rudia kila baada ya siku mbili. Changu cha mwisho, cha sentimita 60, kilianza na gramu 452, kikawa kinashuka, kinashuka, siku ya 13 kikakwama 391. Namba ikikwama mara tatu mfululizo, ujue maji hayatoki tena, ndipo unapiga randa kufika milimita 4. Habari za kugonga na kusikiliza waachie wapiga ngoma.

Vipande 12 ulivyopigia hesabu, sahau. Msumeno nao unakula: wa duara karibu milimita 3 kila mpasuo, wa mkanda kama 1. Kwa milimita 7, inchi 2 zitakupa vipande 5 kwenye duara, 6 kwenye mkanda. Na kama ni duara, mwambie mwenye mashine kipande chembamba kiangukie upande wa nje, kisibanwe kati ya msumeno na ukingo wa kuongozea. Kikibanwa kinarushwa nyuma kama mshale, na nyuma ndipo mnaposimama nyinyi.

Uliuliza pia gundi na vanishi, eh? Niletee kwanza gramu za siku ya kwanza na za siku ya kumi, tutaongea.