Tela lilelile, meshi tatu, majibu matatu

SWALI: Shikamoo mhandisi. Niko karakana moja hapa Unga Limited, Arusha. Tunaunda matela ya kubebea mizigo ya kambi za watalii. Bati la milimita 8 linaloshika ndoano ya kuvutia limeshakatika mara mbili njiani. Nimelijenga kwenye kompyuta, nikaligawa vipande vidogo (elementi; wavu wao ndio meshi), na kuiambia programu kwamba elementi ife, yaani iache kubeba mzigo, ikirefuka asilimia 20 tangu ianze kulegea. Kwa elementi za milimita 8 linakatika kwa tani 6.1, za milimita 4, tani 5.2, za milimita 2, tani 4.3. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Usishike hata moja. Kompyuta haijakosea, imefanya ulichoiagiza, na kasoro iko kwenye agizo.

Tutenganishe mambo mawili. Kunja waya wa kufungia nondo kidogo, uuachie: umbo limebadilika na halirudi lilivyokuwa, ila chuma bado kizima. Kipande cha namna hiyo ukikivuta tena, mteremko wa grafu yake ya mkazo (nguvu kwa kila eneo) dhidi ya kurefuka ni uleule wa mwanzo, gigapaskali 200 hivi. Uharibifu ni kitu kingine. Ndani ya chuma vinafunguka vitundu vidogo kuzunguka takataka zilizosalia tangu kuyeyushwa, vinakua, vinaungana, na eneo linalobeba mzigo linaliwa. Kachanov, Msovieti, aliliwekea jambo hili hesabu mwaka 1958: robo ya eneo ikiliwa, mkazo unaobebwa na sehemu iliyosalia ni ule unaouona ukigawanywa kwa 0.75. Hapo hata mteremko wa grafu hulala.

Ugonjwa wako uko kwenye hili la pili. Chuma kikishaanza kulegea, kurefuka kote kunakimbilia mahali padhaifu kuliko pote, na kwenye kompyuta mahali hapo ni safu moja tu ya elementi, iwe pana au nyembamba. Asilimia 20 ya safu ya milimita 8 ni milimita 1.6; ya safu ya milimita 2 ni 0.4. Yaani umelifanya bati lilelile likatike kwa robo ya nishati kwa sababu tu umechora vizuri zaidi! Endelea kupunguza elementi, mwishowe litakatika bure.

Waliopambana na hili mapema ni watu wa zege: Hillerborg na wenzake huko Lund, Sweden, mwaka 1976, kisha Bažant na Oh mwaka 1983 wakalifungamanisha na upana wa elementi. Walichosema ni kwamba nishati ya kufungua ufa, kwa kila eneo la ufa, ni mali ya kitu chenyewe. Meshi haina haki nayo. Kwa hiyo usiipe programu asilimia, ipe milimita. Ukishika 1.6, elementi ya milimita 4 itakufa kwa asilimia 40, ya milimita 2 kwa asilimia 80, na nishati itabaki ileile.

Hiyo 1.6 usiichukue kwangu. Kata vipande vya bati hilohilo, vivutwe kwenye mashine, urekebishe namba hadi kompyuta ifuate grafu. Na grafu ya mashine usiiingize ilivyo, maana inagawa nguvu kwa eneo la mwanzo. Kosa hili nimelifanya mwenyewe, nikapoteza wiki nzima. Zidisha mkazo kwa jumla ya 1 na kurefuka (asilimia 20 ni 0.2), na kurefuka kwenyewe ukugeuze kuwa loga asilia ya jumla hiyo. Kanuni hii inaishia pale kipande kinapoanza kufanya shingo, yaani kukonda mahali pamoja.

Kabla ya yote, zima uharibifu na uendeshe meshi zote tatu. Grafu zikiachana hata hapo, meshi yako ni mbovu, pengine kwenye tundu la boliti.

Lakini nina shaka kama tani ndizo zinazokuua. Tela linalotetemeka kutwa kwenye njia ya vumbi yenye mawimbi kama bati la paa hupigwa na mizigo midogo maelfu kwa maelfu. Huo ni uchovu wa chuma, na hesabu ya kuvuta mara moja haiuoni. Tazama bati lililokatika: uso laini wenye mistari ya duara kama pete za mti, ukianzia ukingoni mwa mshono wa kuchomelea, ni uchovu, uso wa kijivu uliokwaruzika, na bati limekonda penye mkato, ni kuvutwa kupita kiasi. Tafadhali usiupitishie grinda kabla hujaupiga picha.