Maswali ya Wasomaji: Nimetubu, Je, Nirudishe Fedha Nilizokula?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni afisa ununuzi katika halmashauri moja ya wilaya hapa Tanzania, na kwa miaka mingi nilikuwa nikipokea asilimia kumi kutoka kwa wazabuni. Nukuu tatu za bei zililetwa mezani kwangu zikiwa na mihuri mitatu tofauti, nami nikiziangalia niliona wazi kwamba zote zimeandikwa kwa mwandiko mmoja, lakini nilisaini, na malipo yalipokamilika bahasha ya kaki ilikuja ndani ya jalada. Safari moja nilipokea madawati ya shule ya msingi yaliyotengenezwa kwa mbao mbichi nikaandika kwamba yako sawa, na kabla ya muhula kwisha yalikuwa yamepinda na kuachia misumari. Sasa nimeokoka, na nimeacha kupokea. Je, ikiwa Mungu amenisamehe, bado ninadaiwa fedha zile? Sehemu kubwa iliingia kwenye kiwanja tunachojenga, na mke wangu hajui ilikotoka. Tena ofisini wameanza kuniita mpelelezi, na mkuu wangu ameniambia kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Nitaishije nao? – Msomaji, Kanda ya Kati.

JIBU: Amina, ndugu yangu. Kabla ya yote nakuomba uupokee msamaha wako bila kuutilia shaka, kwa sababu mengi nitakayokuambia ni mazito, na mtu anayeyabeba bila kuwa na uhakika wa msamaha huishia kurudisha fedha ili amridhishe Mungu apate kibali chake, jambo ambalo kwa hakika ni rushwa nyingine. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa Luka sura ya 19, alipokuwa juu ya mkuyu kule Yeriko, Bwana Yesu alimwita kwa jina, akamwambia ashuke, akajikaribisha nyumbani kwake, na hayo yote yalifanyika kabla Zakayo hajataja hata senti moja ya kurudisha. Neema ilitangulia. Nawe umeokolewa kwa njia hiyo hiyo.

Hata hivyo, wokovu ulioingia katika nyumba ya Zakayo ulifika hadi kwenye mali yake, na hapo ndipo mahubiri yetu mengi yanapokoma mapema. Tunawaita watu mbele, tunawaongoza sala ya toba, tunawapigia makofi, kisha tunawaacha warudi kwenye nyumba, magari na akaunti zilezile bila kuwauliza lolote. Torati ilikuwa wazi: katika Mambo ya Walawi sura ya 6, mtu aliyemdhulumu jirani yake na kutambua hatia yake alitakiwa arudishe kitu chote na kuongeza juu yake sehemu ya tano. Zakayo angeweza kusimama kwenye kipimo hicho na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliahidi mara nne, kiwango ambacho katika Kutoka sura ya 22 kilikuwa adhabu ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza. Yaani alijihukumu kama mwizi aliyekamatwa, ilhali hapakuwa na askari wala mshtaki aliyemkamata. Kwa hiyo swali lako nalijibu bila kuzunguka: ndiyo, fedha zile bado unadaiwa, na deni hilo halipunguzi msamaha wako hata kidogo.

Unamdai nani, au tuseme unadaiwa na nani? Hapa uwe mwangalifu. Mzabuni aliyekupa bahasha hukumdhulumu, kwa kuwa mlishirikiana, na asilimia kumi yako alikwisha kuijumlisha katika bei aliyoilipisha halmashauri. Aliyedhulumiwa ni mlipa kodi, na kwa karibu zaidi ni yule mtoto wa darasa la pili ambaye dawati lake limeachia misumari na sasa anaandikia magotini. Wala kanisa silo lililodhulumiwa, kwa hiyo usije ukaleta fungu hilo madhabahuni ukadhani umelimaliza jambo. Kumbukumbu la Torati 23:18 inakataza fedha ya aina fulani isiingie katika nyumba ya Bwana hata kama imeletwa kwa nadhiri, na mchungaji anayepokea sadaka nene bila kutaka kujua ilikotoka anashiriki katika kuwafanya waumini wake wasitubu. Naandika hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona namna viti vya mbele vinavyotengwa kwa watu ambao mji mzima unajua wanakula wapi.

Njia iliyo nyoofu ni kuirudisha halmashauri kile kilichokuwa chake, kwa malipo rasmi yenye stakabadhi, au kugharimia waziwazi madawati mapya ya shule ile kwa kupitia utaratibu wake. Lakini usianze peke yako. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayetoa na anayepokea, nayo haina kifungu kinachomwachia mtu kwa sababu ameokoka. Ukikiri kwa maandishi, maandishi hayo yanaweza kuwa ushahidi dhidi yako. Basi, kabla ya kurudisha au kuandika chochote, mtafute wakili, umweleze yote, akuonyeshe njia na matokeo yake. Sikushauri hivyo ili ukwepe, maana inawezekana kabisa kwamba kurudisha kutakugharimu kazi, na pengine zaidi ya kazi. Nakushauri hivyo ili ukiamua kuingia, uingie ukiwa unajua unapoingia, na mke na watoto wako wasije wakaamka siku moja wakukute umechukuliwa bila kuelewa lolote.

Kwa sababu hiyo mke wako ndiye mtu wa kwanza kuambiwa, hata kabla ya wakili. Kiwanja kile ni chake pia, na kama itabidi kiuzwe, au ujenzi usimame kwenye lenta kwa miaka, yeye ndiye atakayeubeba uzito huo pamoja nawe na kujibu maswali ya ndugu. Mwambie kiasi, majina ya miradi na mahali fedha zilipoingia. Usimwambie nusu. Atakasirika, na ana haki ya kukasirika. Mpe muda, wala usimsomee maandiko ya utii katika siku hizo.

Pengine utaona kwamba nakutaka ufanye jambo lisilofanywa na mtu. Lilishafanywa, tena hapa hapa kwetu. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotokea Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kijijini kwa jambo hilo hasa: walokole walirudisha. Watu walikwenda kwa waajiri, kwa majirani na kwenye maduka kurudisha vitu walivyoiba, na kulipa madeni ambayo wenyewe walikuwa wameyasahau. Wengi wao walikuwa maskini kuliko wewe. Katika uamsho huo huo ndimo alimookokea Janani Luwum mwaka 1948, ambaye baadaye akiwa Askofu Mkuu nchini Uganda alisimama na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin juu ya mauaji na dhuluma, na mnamo Februari 1977 akauawa. Sidhani kwamba ujasiri wa namna ile huzaliwa siku ya kukabili bunduki. Nadhani hukua katika jamii ya watu waliozoea kuambiana ukweli juu ya mambo madogo, mbele ya ndugu, wiki baada ya wiki.

Sasa nije ofisini kwako. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji na kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, na askari akawaambia wasidhulumu mtu, wasishtaki kwa uongo, tena watosheke na mshahara wao (Luka 3). Alitaka toba yao ionekane kwenye meza ileile walikokuwa wakikosea. Vivyo hivyo Obadia alikuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu, mfalme mwovu kuliko mkuu wako yeyote, na akiwa humo ndani aliwaficha manabii mia moja pangoni, hamsini hamsini, akawalisha mkate na maji. Kwa hiyo nakuomba usikimbilie kuacha kazi, kwa maana siku utakapotoka kiti chako kitakaliwa na mtu atakayezisaini zile nukuu tatu bila dhamiri kumsumbua.

Baki, lakini ubadilishe namna ya kukaa. Nukuu zenye mwandiko mmoja zirudishe kwa maandishi, ukitaja kasoro kwa lugha ya kiofisi bila kumhubiria mtu. Mzigo ukaguliwe mbele ya kamati, na mbao zikiwa mbichi iandikwe kwamba ni mbichi. Usile kidogo ili wasikuchukie. Wapo wanaosema hupokea fedha ya vocha tu, au ya mafuta ya gari tu, na mtu wa namna hiyo wenzake humshika vizuri zaidi kuliko anavyodhani. Usiwaseme wala kuwadharau, kwa kuwa jana mlikuwa mkila sahani moja. Kuhusu kuitwa mpelelezi, litachukua muda. Danieli walimchunguza wakitafuta kosa katika utumishi wake wasilipate (Danieli 6:4), nawe watakuchunguza hivyo hivyo, kwa hiyo hakikisha masurufu ya safari zako, muda wako wa kuingia kazini na mafuta ya gari la ofisi havina doa.

Kizazi cha wazazi wetu kilikariri ahadi ya mwanachama wa TANU isemayo rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa, na walioikariri ndio hao hao baadhi yao walioifundisha nchi kula. Kujua hakukutosha. Tafuta ndugu wawili au watatu wenye kumcha Mungu, ikiwezekana mmoja wao awe mtumishi wa umma anayejua vishawishi vya kazi yenu, mkutane kila wiki, nao wawe na ruhusa ya kukuuliza swali moja bila kuona haya: wiki hii umepokea nini?

SWALI: Mchungaji, mimi ni mjane, nasafirisha vitunguu kwa gari la kukodi kupeleka sokoni mjini. Njiani tunasimamishwa, hati zote ziko sawa, lakini tunaambiwa tutoe ya chai au tulale hapo. Nikilala, vitunguu vinaoza na watoto wanakosa ada. Nikitoa, je, nimetenda dhambi sawa na anayehonga apate zabuni? – Mama wa Sokoni.

JIBU: Pole sana, mama yangu. Hapana, si sawa. Anayehonga ili apewe kisicho haki yake ananunua haki ya mwenzake. Wewe unanyang'anywa kilicho chako. Mungu anajua tofauti hiyo, na hukumu iliyo nzito iko juu ya yule anayekusimamisha.

Lakini sitakuambia kwamba basi endelea kutoa. Mtume Paulo alikuwa kizuizini Kaisaria, na liwali Feliksi, aliyekwisha kusikia kwamba Paulo alileta sadaka kwa watu wake, alimwita mara nyingi akitumaini kupewa fedha. Paulo hakutoa, na akakaa kizuizini miaka miwili (Matendo 24). Hakukaa kimya pia: alidai haki zake kama raia wa Rumi hadi akakata rufani kwa Kaisari. Nawe dai stakabadhi kwa adabu, andika mahali, saa na namba ya gari lao, na piga simu TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, kwa namba 113, ambayo ni ya bure. Shirikianeni wafanyabiashara wote wa njia hiyo, kwa kuwa mmoja akikataa analazwa, ila magari kumi yakikataa siku moja itabidi wakubwa wao waulize kuna nini.

Na siku vitunguu vyako vitakapooza kwa sababu umekataa, hasara hiyo isiwe yako peke yako. Wapelekee wazee wa kanisa lako ukurasa huu, waambie mimi nimesema kwamba kanisa linalokufundisha kukataa linapaswa kuchangia ada ya watoto wako muhula huo.