Usianze na busu, anzia mezani

Amani kwako dada. Umesema umekabidhiwa watoto wa miaka 7 hadi 11 katika shule ya Jumapili, somo lijalo ni usaliti wa Yuda na uaminifu, na humo darasani wamo mabinti wawili waliokuwa chanda na pete mpaka mmoja alipotoboa siri ya mwenzake. Unauliza ufundisheje bila kumtonesha aliyeumizwa wala kumwaibisha aliyekosa. Nimefundisha watoto wa umri huo kwa miaka 14. Nitaanza na jinsi nilivyoharibu, maana hapo ndipo nilipojifunza mengi.

Mara ya kwanza nilimfundisha Yuda kama zimwi. Nilimchora ubaoni kwa sura ya kutisha, nikahesabu vipande 30 vya fedha kimoja kimoja huku watoto wakiitikia, na tulipofika kwenye busu alilomsalitia Yesu nikawaruhusu wazomee. Walizomea kwa furaha kubwa. Nilirudi nyumbani nikiamini somo limeingia. Wiki tatu baadaye mvulana mmoja wa miaka 9 akaacha kuja. Nilipomfuatilia, mama yake akaniambia wenzake wanamwita Yuda. Kisa ni kwamba aliwaona wakubwa wawili wakichota sarafu kwenye sadaka ya watoto, akamwambia mzee mmoja wa kanisa. Wale wakubwa wakasema amewachoma, wakampa jina, na darasa zima likalidaka.

Sasa fungua Yohana 12:6. Pale imeandikwa kwamba Yuda ndiye aliyeshika mfuko wa fedha, naye alikuwa akichukua vilivyotiwa humo. Waliokuwa wakifanya kazi ya Yuda ndio waliokuwa wakimwita mwenzao Yuda, na hakuna hata mtoto mmoja aliyeweza kuliona hilo, kwa sababu mimi sikuwaonyesha. Nilichowapa ni jina la kurushia mtu, nao wakalirusha. Nilikwenda kwao yule mtoto nikamwomba radhi, kisha nikaomba radhi mbele ya darasa. Hakurudi mara moja. Ilichukua miezi.

Tangu hapo siku zote naanzia mezani, kwenye chakula cha mwisho Yesu alichokula na wanafunzi wake. Usaliti hauumizi watoto kwa sababu ya fedha, fedha 30 hawazijui. Unawaumiza kwa sababu aliyeutenda alikuwa karibu. Zaburi 41:9 inasema hivi: "Msiri wangu tena niliyemtumaini, aliyekula chakula changu, ameniinulia kisigino chake." Lisimamie hilo neno msiri. Waulize watoto msiri ni nani, uwaache wajibu wenyewe. Watakwambia ni yule unayemwambia mambo yako. Ukiwauliza kama adui anaweza kuitoboa siri yako, watafikiri kidogo kisha watacheka: adui ataijulia wapi? Hapo wameshaelewa usaliti kuliko vile ambavyo mimi ningeueleza kwa saa nzima. Yesu mwenyewe anaurejea mstari huo katika Yohana 13, muda mfupi kabla ya kumpa Yuda tonge.

Halafu nenda Mathayo 26:22. Yesu amesema mmoja wenu atanisaliti. Kila nikiusoma mstari huo nasimama pale pale, maana wale kumi na wawili hawakumnyoshea Yuda kidole. Wakaanza mmoja mmoja kumwuliza, "Ni mimi, Bwana?" Wamekaa naye miaka, wamekula naye, wametembea naye, wala hakuna aliyesema "lazima ni yule". Kila mtu alijishuku mwenyewe kwanza. Kisha katika mstari wa 25 Yuda naye anauliza swali lile lile, ila anasema "Rabi" mahali wenzake waliposema "Bwana". Watoto wa miaka 10 na 11 wanapenda sana kugundua kitu kama hicho wenyewe, kwa hiyo usiwaambie. Wape wawili wasome, mmoja mstari wa 22 na mwingine wa 25, kisha unyamaze.

Kwa kundi lako hapo pana kinga. Mwambie kila mtoto ajiulize "ni mimi?" kimoyomoyo, macho yamefumbwa, bila kujibu kwa sauti. Yule binti aliyetoboa siri atajiuliza pamoja na wengine wote, na hakuna atakayemgeukia kumtazama. Aliyeumizwa naye atajiuliza, na mara nyingi atakumbuka kitu.

Usimfundishe Yuda peke yake. Usiku ule ule Petro alimkana Bwana wake mara tatu, akaapa hamjui kabisa. Mimi huwafundisha wote wawili siku moja hata kama muda ni mfupi, kwa sababu mtoto akimsikia Yuda peke yake anabaki na wazo kwamba kuna watu wabaya na kuna sisi. Yohana anasema Petro alikuwa akiota moto wa makaa alipomkana, sura ya 18:18. Baada ya ufufuo, katika sura ya 21:9, Petro anafika ufukweni anakuta moto wa makaa tena, na samaki juu yake, na Yesu yupo. Katika Agano Jipya lote moto wa makaa unatajwa kwa neno hilo la Kiyunani mara hizo mbili tu. Bwana alimrudisha mpaka kwenye harufu ile ile, akamwuliza mara tatu kama anampenda, na kila mara akampa kazi juu ya kondoo wake: lisha, chunga, lisha. Mtoto mmoja aliniuliza kwa nini Yesu hakumwambia tu "nimekusamehe". Nilimjibu kwamba aliyemwachia kondoo wake amekwisha kumsamehe. Mpaka leo sina jibu bora kuliko hilo.

Na Yuda je? Hapa walimu wengi huharakisha kufunga kitabu, nami nilifanya hivyo kwa miaka. Mathayo 27 inasema alijuta. Alirudisha fedha zote 30 na akasema wazi kwamba amesaliti damu isiyo na hatia. Aliwaambia makuhani, watu wazima wenye jukumu la kumsikiliza mwenye dhambi. Nao wakamjibu: "Basi, haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe." Kwa Kiswahili chetu cha kila siku wamemwambia shauri yako.

Dada, neno hilo linatuhusu sisi kuliko watoto. Mtoto anayekuja kukiri kwamba amemsaliti rafiki yake amekwisha kufanya jambo gumu kuliko mahubiri yoyote, na akikutana na "shauri yako, ulijitakia", amefunzwa kwamba kukiri ni hasara. Hatakuja tena. Kabla ya Jumapili, jiulize utamjibu nini yule binti akikufuata baada ya kipindi akasema ni mimi niliyesema. Liandae jibu lako sasa hivi, usingoje.

Kifo cha Yuda sikielezi kwa undani kwa walio chini ya miaka 9. Nasema alizidiwa na huzuni, akafa, na wanafunzi wenzake hawakuwa naye. Wakubwa wakiuliza najibu ukweli kwa maneno machache. Kitu ambacho sisemi kamwe ni kwamba wasaliti ndivyo wanavyostahili, kwa kuwa humo ndani huenda yumo mtoto anayejiona msaliti. Na mtoto yeyote akisema naye angependa kufa, hata kwa mzaha, usimpite. Kaa naye faraghani siku hiyo hiyo, kisha mhusishe mzazi na mtu mwenye ujuzi wa kumsaidia.

Sasa uaminifu. Hapa ndipo nitakuomba utumie muda wako mwingi, kwa sababu watoto wengi wanaamini kuwa mwaminifu ni kufunga mdomo. Ndiyo imani iliyomfukuza yule mvulana wangu. Dawa niliyoipata ni Matendo 23:12-35, habari ambayo sikuwahi kufundishwa nilipokuwa mtoto. Watu zaidi ya arobaini wameapa kutokula wala kunywa mpaka wamwue Paulo. Kijana mmoja, mtoto wa dada yake Paulo, anasikia njama hiyo. Jina lake hatuambiwi. Anaingia ngomeni alikozuiliwa Paulo, anamwambia mjomba wake, mjomba anamtuma kwa jemadari, na jemadari (hapa watoto hutabasamu) anamshika mkono, anajitenga naye kando, anamwuliza kwa faragha ana neno gani. Anamsikiliza mpaka mwisho. Usiku huo huo Paulo anaondolewa kwenda Kaisaria akilindwa na askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200. Wafanyie watoto hesabu hiyo ubaoni: watu 470 wameondoka usiku kwa sababu kijana mmoja alisema aliyoyasikia. Kisha uliza: huyu ni msaliti? Amewachoma wale arobaini?

Watajibizana, waache wajibizane. Mmoja atasema aliitoa siri ya watu. Mwingine atasema lakini ile siri ilikuwa ya kuua. Ongeza Yonathani, mwana wa mfalme Sauli, aliyemwonya rafiki yake Daudi kwamba Sauli anataka kumwua, hata Sauli akamrushia yeye mkuki, 1 Samweli 20:33. Alimpenda Daudi, wala hakumwacha baba yake. Alikufa vitani akiwa upande wa baba yake. Yonathani hatoshei kirahisi kwenye mistari tunayowachorea watoto, na ndiyo sababu nampenda.

Kutokana na mazungumzo hayo hufika mahali watoto wakatenganisha wenyewe siri za aina mbili. Ipo siri inayomstiri mtu: amekojoa kitandani, wazazi wake wanagombana, anaogopa giza. Hiyo Methali 11:13 inakutaka uifunike. Na ipo siri inayomficha anayeumiza wengine. Hiyo ina mtu wa kuambiwa. Nawafundisha kujiuliza: nikinyamaza, nani ataendelea kuumia? Na hili nalisema kila mwaka, polepole, nikiwatazama usoni: mtu mzima akikufanyia jambo kisha akakwambia usimwambie mama, ukimwambia mama hujamsaliti mtu. Hata kama ni ndugu, hata kama ni mwalimu wako wa shule ya Jumapili.

Sasa mabinti wako. Siri iliyotobolewa, kwa ulivyoeleza, ni ya aina ile ya kwanza, kwa hiyo kweli kosa limetendeka, na usilipunguze kwa kusema ni mambo ya watoto. Usiwalazimishe kukumbatiana mbele ya darasa. Nimeona kumbatio la namna hiyo: mmoja anakumbatia, mwingine amekuwa gogo. Tumia Yusufu. Alikuwa na miaka 17 ndugu zake walipomwuza kwa vipande 20 vya fedha, na wazo la kumwuza lilikuwa la ndugu aliyeitwa Yuda. (Watoto hushtuka kusikia jina hilo. Waambie ni jina tu, na kwamba hata miongoni mwa wale kumi na wawili alikuwapo Yuda mwingine, siye Iskariote.) Miaka mingi baadaye wanasimama mbele yake wakiomba chakula. Yusufu anajitenga, analia. Moyo wake umeshawaelekea, ila hajajitambulisha. Kwanza anataka kujua kama ni watu wale wale. Kikombe ambacho Yusufu aliagiza kifichwe kinapokutwa kwenye gunia la Benyamini, mdogo wao, ni Yuda yule yule anayejitoa kuwa mtumwa badala ya mdogo wake, Mwanzo 44:33. Ndipo Yusufu anaposhindwa kujizuia.

Kwa hiyo aliyeumizwa mwambie anaweza kusamehe leo, na kumwambia mwenzake siri nyingine kukasubiri. Haya ni mambo mawili, na watu wazima wengi tunawatesa watoto kwa kuyafunga kamba moja. Aliyekosa mwonyeshe Yuda wa Mwanzo 44, na kama anajua kusoma vizuri, mpe Marko: aliwaacha Paulo na Barnaba njiani, Matendo 13:13, Paulo akakataa kabisa kusafiri naye tena, na mwishoni, katika 2 Timotheo 4:11, Paulo yule yule anaomba aletewe Marko, "maana anifaa kwa utumishi".

Ruthu, aliyekataa kumwacha mama mkwe wake Naomi, wengi watakushauri umtumie. Ni mzuri, ila mimi namtumia kidogo, kwa sababu watoto humgeuza Orpa, mkwe mwingine wa Naomi aliyerudi kwao, kuwa msaliti ilhali Naomi mwenyewe ndiye aliyemwambia arudi kwao.

Jambo la mwisho. Karibu kila mwaka kuna mtoto huuliza kama Yesu alimwosha Yuda miguu naye. Usimjibu. Mpe Biblia asome Yohana 13 kwa sauti, mstari wa 2 hadi wa 12, aone nani walikuwa wamekaa. Kisha aruke hadi wa 30, aone Yuda alitoka saa ngapi.