Uliza Fundi: MGB inayogoma jua la Oktoba, na barua nyingine za Tabora na Kigoma

Barua za safari hii zote zimetoka Tabora na Kigoma, na zote ni za wenye magari ya zamani ya spoti. Tumeanza na ile ya Kanyenye kwa kuwa ndiyo yenye mambo mengi, na joto lenyewe ndilo hili.

Inazimwa sokoni, haiwaki mpaka ipoe

*Habari za kazi. Nina MGB ya mwaka 1969, injini ya cc 1798, kabureta mbili za SU. Tangu Septemba nikiizima sokoni dakika kumi tu, inagoma kuwaka mpaka ipoe kama nusu saa. Siku nyingine mshale wa joto unapanda hata nikiwa barabarani. Fundi ametoa thamostati kabisa, hali ni ile ile. Msomaji wa Kanyenye, Tabora.*

Gari lako lina magonjwa mawili, na fundi ameyatibu kama ni moja.

La kugoma kuwaka ni petroli inayochemka ndani ya kabureta. Kwenye MGB kabureta na ekzosi viko upande mmoja wa injini, kabureta juu, ekzosi chini yake. Gari likitembea, upepo unapoza. Ukizima, feni inasimama na joto lote la ekzosi linapanda kwenye bakuli za petroli. Kwa hiyo angalia kwanza bati la kukinga joto lililobanwa kati ya kabureta na injini, lenye kitambaa kigumu cha kuzuia joto upande wa injini, pamoja na vile vipande vinene vya plastiki ngumu na gasketi zake. Bati hilo hutupwa mara nyingi injini inapofunguliwa, kwa sababu gari linawaka hata bila hilo. Linawaka, ndiyo, lakini asubuhi. Lirudishe kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Kisha sikiliza pampu ya petroli. Ni ya umeme, iko nyuma karibu na tairi la kulia. Fungua swichi bila kupiga stata: igonge tik-tik-tik, ipunguze mwendo, inyamaze. Ukimya huo maana yake bakuli zimejaa. Ikigonga mfululizo bila kunyamaza, inavuta hewa au mvuke, nawe ukague klipu na mipira ya upande wa tanki. Isipogonga kabisa, pointi zake za ndani zimechoka. Igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, unajua cha kubadilisha.

Unapoiwasha ikiwa ya moto, usivute choki. Kanyaga mafuta hadi nusu, shikilia hapo, piga stata. Kupampu pedali hakusaidii hata kidogo, kwani SU haina pampu ya kurusha petroli ya ziada. Na kama petroli ipo lakini plagi haitoi cheche injini ikiwa ya moto, kisha inatoa ikipoa, shuku kondensa ya distribyuta. Ni kitu kidogo cha bei ndogo na kinakufa kwa joto. Weka nzima ya akiba kwenye gari.

Sasa la kuchemsha. Rudisha thamostati, ya nyuzi 74, ndiyo iliyokusudiwa nchi za joto. Ile ya 82 ni ya kawaida na ya 88 ni ya baridi ya Ulaya. Kuitoa hakufungui rejeta iliyoziba, na injini inayotembea baridi kila asubuhi huchafua oili na kula silinda. Washa gari mpaka lipate moto, zima, kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta bila kuugusa. Joto linatakiwa lipungue polepole kutoka juu kwenda chini. Ukikuta sehemu ya baridi katikati, mirija ya hapo imeziba na rejeta inahitaji kufunguliwa na kusafishwa na fundi wa rejeta, si kumwagiwa dawa. Mbegu za nyasi na vumbi zisukume kwa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, kamwe si kutokea mbele, maana hapo unazipigilia ndani zaidi.

Mfuniko wa rejeta uwe wa psi 10 na mpira wake uwe laini. Mfumo mzima unachukua kama lita 5 na nusu: tumia maji ya mvua au maji ya betri yaliyochanganywa na kulanti, si maji ya kisima yenye chumvi.

Kuna chanzo kingine ambacho wengi hawakifikirii, nacho ni moto uliochelewa. Kisigino cha pointi za distribyuta kikilika, nafasi inapungua na cheche inachelewa. Petroli inamalizikia kuungua kuelekea ekzosi na injini inabeba joto lisilo lake. Rudisha nafasi iwe milimita 0.35 hadi 0.40, kisha pima taiming upya. Vuta kwa mdomo ule mpira mwembamba wa vakyumu: bamba la ndani ya distribyuta lisogee na libaki limesogea ukiziba kwa ulimi. Likirudi, kiwambo kimepasuka.

Petroli isiyo na risasi, na kusawazisha kabureta

*Shikamooni. Nimerithi Datsun 240Z ya 1972 kwa baba mdogo. Nimeambiwa petroli ya leo haina risasi na itakula vavu. Je, ni kweli? Pia injini ikiwa sailensi (inazunguka bila kukanyagwa mafuta) inatetemeka upande mmoja, na nikikanyaga ghafla inasita. Dada wa Mwanga, Kigoma.*

Marahaba, dada, na hongera kwa urithi. Hili ndilo gari lililoshinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, likashinda tena 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews.

Kuhusu risasi, lala usingizi. Silinda hedi ya injini yako ya L24 ni ya aluminiamu, na viti vya vavu za ekzosi ni vya chuma kigumu vilivyopachikwa. Wanaotakiwa kujali ni wenye hedi za chuma cha kuyeyusha, kama MGB, ambako vavu ya ekzosi hukaa moja kwa moja juu ya chuma cha hedi na hukila polepole gari likikimbizwa sana. Dalili yake ni nafasi ya tapeti ya ekzosi (ule uwazi mdogo kati ya vavu na kinachoisukuma) kuzidi kupungua kila ukipima.

Anza na tapeti, kwa sababu kabureta haziwezi kusawazishwa juu ya tapeti mbovu. Injini iwe imelala usiku mzima. Toa plagi zote sita ili izunguke kwa urahisi, fungua kava. Kila vavu pima pale ncha ya kamu yake inapotazama juu, mbali na roka. Milimita 0.20 kwa vavu ya kuingiza, 0.25 kwa ya ekzosi. Spana ya 17 kwa nati ya kufungia, ya 14 kwa kurekebisha. Ukikaza nati nafasi hubadilika, kwa hiyo pima tena baada ya kukaza. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fila, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kukwama kidogo, kama karatasi inayovutwa chini ya kitabu. Ukiwa na wasiwasi, acha nafasi kubwa kidogo. Vavu yenye kelele inaishi, iliyobanwa inaungua.

Kusita ukikanyaga kwa kawaida ni oili ya juu ya kabureta imeisha. Fungua vile vifuniko vyeusi viwili, toa vijiti, uangalie. Jaza oili nyepesi, SAE 20. Ile nzito ya 20W-50 itachelewesha pistoni kupanda. Dakika mbili, na huenda nusu ya barua yako ikawa imejibiwa.

Mtetemo: pasha injini mpaka iwe ya moto kweli, toa kava ya filta za hewa, legeza kiungo kinachounganisha kabureta mbili. Chukua mpira mwembamba wa nusu mita, weka ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta ya kwanza, usikie mvumo wake. Hamia ya pili. Rekebisha skrubu za sailensi mpaka mivumo ifanane, kisha kaza kiungo. Sikio linatosha.

Mwisho ni mchanganyiko. Nati iliyo chini ya kila kabureta ipandishe mpaka mwisho, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu. Hapo ndipo pa kuanzia. Sasa inua pistoni ya kabureta milimita moja tu kwa bisibisi nyembamba. Injini ikiongeza kasi na kubaki hapo, petroli ni nyingi. Ikitaka kuzima, ni kidogo. Ikipanda kidogo kisha ikarudi, umepata. Fanya hivyo mahali unapoendesha zaidi: ufukweni Kigoma ni kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, Tabora ni kama 1,200, na kule juu hewa nyepesi huufanya mchanganyiko ule ule uonekane mzito, plagi zikawa na masizi meusi makavu.

Masika mazima gari limelala

*Naomba ushauri. Barabara yetu ikilowa siwezi kutoa gari kuanzia Desemba hadi Aprili. Huwa naliwasha dakika tano kila Jumapili. Inatosha? Msomaji wa Urambo.*

Haitoshi, na inaumiza. Dakika tano haziifikishi oili kwenye joto la kukausha unyevu, kwa hiyo maji ya mwako yanabaki ndani ya oili na ndani ya sailensa, ambayo itaoza kutoka ndani. Ama uliendeshe kilomita 20 na zaidi, ama uliache lilale.

La kulala liandaliwe hivi. Badilisha oili *kabla*, si baada, kwa kuwa oili chafu ina asidi. Jaza tanki pomoni ili kusiwe na nafasi ya unyevu kuganda kwenye bati. Matairi yaongezwe psi 10 juu ya kawaida. Toa betri, ichaji kila mwezi. Handbreki isivutwe, weka magogo, la sivyo utakuta breki za nyuma zimeshikamana na ngoma. Kata kipande cha ubao, bana pedali ya klachi ikiwa chini, ili sahani isigande kwenye flaiwili. Ziba mdomo wa sailensa na wa filta za hewa kwa kitambaa, kwani nyigu hujenga udongo kwenye kila tundu la ukubwa wa kidole. Andika orodha ya ulivyoziba na uifunge kwenye usukani.

Funika kwa shuka la pamba. Turubai la plastiki linafuga jasho, na kutu ya masika moja chini ya turubai ni mbaya kuliko ya mvua ya wazi.

Mafuta ya breki, DOT 4, yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa kuwa yananyonya maji hata yakiwa yamesimama. Na soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi lililopita miaka kumi litoe, hata kama kashata zake ni nzima.

Grisi kwenye Spitfire

*Fundi amejaza grisi sehemu zote za mbele za Triumph Spitfire yangu, lakini usukani umekuwa mzito. Msomaji wa Gungu, Kigoma.*

Tafadhali usiendeshe mpaka urekebishe. Kila upande wa mbele, nguzo ya chuma inayobeba tairi imefungwa kwa nyuzi ndani ya kipande cha shaba nyeusi kiitwacho tranioni, na ukikata kona nyuzi hizo ndizo zinazozunguka. Hapo panatakiwa oili ya gia, EP90, si grisi. Grisi hukauka na kuziba njia, maji na vumbi vinaingia, nguzo inaliwa na kutu mahali usipopaona, mwishowe inakatika na tairi linalala chini ya bodi. Hutokea hasa ukiegesha au ukikata kona kali, lakini hakuna anayekuhakikishia kwamba halitatokea mwendo kasi.

Kwa kuwa grisi imeshaingia, kupiga oili juu yake ni kujidanganya. Fungua, osha kwa mafuta ya taa, kagua nyuzi za nguzo. Zenye mashimo ya kutu au zilizochongoka hazirudi. Kumbuka kulia na kushoto hazibadilishani, nyuzi zake zinapishana mwelekeo. Unaporudisha, zungusha mpaka mwisho kisha rudisha nyuma, si zaidi ya mzunguko mmoja, ili usukani ukate pande zote. Baada ya hapo, gari likiwa kwenye jeki, sukuma oili mpaka ichuruzike safi kwa juu, huku mwenzako akizungusha usukani mwisho hadi mwisho. Kiwandani walisema kila maili 6,000. Kwa vumbi letu, fanya kila kilomita 4,000.

Gia ya kwanza inalia

*MGB yangu ni ya 1964. Gia ya kwanza inalia nikiiingiza nikikaribia matuta. Pia fundi wa betri anasema chanya imefungwa kwenye bodi kimakosa. Msomaji wa Nzega.*

Fundi wa betri asiguse kitu. Hadi 1967 MGB ilitoka kiwandani ikiwa na chanya kwenye bodi, na zile betri mbili za volti 6 nyuma ya viti ndivyo zinavyotakiwa kuunganishwa. Redio au chaja ya simu ya kisasa tu ndiyo usiiunganishe, kwani mwili wake wa chuma hudhani bodi ni hasi.

Gia boksi nayo haina ugonjwa. Toleo lako halina sinkro, kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kwenye gia ya kwanza. Ukiwa umesimama, ingiza ya pili kwanza, kisha ya kwanza; itaingia bila kulia. Ukiwa bado unatembea polepole, kanyaga klachi, toa gia iwe huru, achia klachi, gusa mafuta mara moja injini ipande kidogo, kanyaga klachi tena, ingiza. Mguso wa mafuta ndio wenye siri: ukiwa mdogo mno inakwaruza, ukiwa sawa mpini unaingia kwa vidole viwili bila kusukumwa. Jizoeze asubuhi mapema kwenye lami ya kwenda Tabora kabla malori hayajaamka, paa likiwa limefunguliwa, hewa bado ya baridi na injini ikivuta vizuri kuliko saa yoyote ya siku. Anza na kushuka kutoka ya tatu kwenda ya pili, ingawa ya pili ina sinkro, mpaka mguu ukariri. Ya kwanza itafuata yenyewe.