Roboti Yetu Ifanye Kazi Ngapi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa Kasarani, Nairobi. Wanafunzi wangu 9 wameunda timu yao ya kwanza ya roboti, wakifuata kanuni za FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi. Baadhi wanataka roboti itakayookota vitu, kuvirusha na kupanda juu. Wengine wanasema ifanye jambo moja tu. Tuna wiki 8 na fedha kidogo. Tushike njia ipi?

JIBU: Mwalimu, wanaotaka jambo moja wana haki, nami ningependa uwaunge mkono kabla skrubu ya kwanza haijafungwa. Nimeona timu changa zikifika uwanjani na mkono mrefu wa kupendeza ambao haukuwahi kujaribiwa, waya zikachomoka roboti ilipogongwa mara ya kwanza, na juhudi za miezi zikaishia hapo. Inauma kuwatazama vijana hao.

Anzeni na hesabu. Kwa kanuni hizo, roboti hujiendesha kwa programu yake sekunde 30, kisha wanafunzi huiendesha kwa dakika 2. Ikiwa safari moja ya kuokota kitu na kukifikisha penye alama huchukua sekunde 20, katika dakika hizo 2 mtapata safari 6; mkiipunguza hadi sekunde 12, mtapata 10. Safari hizo 4 za ziada mara nyingi huletwa na dereva aliyezoea na mdomo mpana wa kuokotea, usiomlazimu kulenga sana, wala hazihitaji mota nyingine. Kumbukeni pia kwamba mchezo unapoanza roboti lazima itoshee ndani ya mchemraba wa inchi 18, kwa hiyo kila kifaa mnachoongeza kinanyang'anyana nafasi na kingine.

Someni kitabu cha kanuni pamoja, mwandike kila njia ya kupata alama, kisha mchague ile mnayoweza kuirudia bila kukosea. Fremu na magurudumu viwe vinatembea kufikia mwisho wa wiki ya 2. Kifaa cha kuokotea kitengenezeni kwanza kwa katoni. Mkiridhika nacho ndipo mwende kwa mafundi wa Kamukunji wawakatie bati. Wiki ya 5 ikiisha, ujenzi ukome, na muda uliobaki uwe wa mazoezi ya kuendesha.

Wanaotaka kupanda wasivunjwe moyo: acheni nafasi na matundu kwenye fremu kwa ajili ya baadaye. Kila upande uwanjani una roboti 2, na katika hatua za mwisho manahodha wa timu zilizoongoza huchagua wenzao. Nahodha mwenye busara humtafuta mwenza ambaye roboti yake haikuzimika hata mara moja.

Kila siku ya mazoezi mwanafunzi mmoja ashike saa na daftari, aandike muda wa kila safari na kila kilicholegea, na kilicholegea kikazwe kabla ya betri kuchajiwa tena.